Kisima chenye Zamu: Jinsi ya Kuendesha Mkutano wa Linux Kila Mwezi Isiolo

Nianze na jinsi vikundi hivi vinavyokufa, maana ukijua hilo nusu ya kazi umeimaliza. Kijana aliyesomea kompyuta Nairobi au Meru anarudi nyumbani Isiolo. Anaijua Linux vizuri. Anakusanya watu ishirini, anawafundisha kwa ari miezi mitatu, wanampenda. Mwezi wa nne anapata kazi katika mji mkuu. Mwezi wa tano ukumbi umefungwa, na kikundi cha WhatsApp kimebaki cha salamu za Ijumaa na matangazo ya ploti zinazouzwa. Watu hawakuchoka. Mtu aliyekuwa kikundi chote ameondoka, basi.

Kwa hiyo kabla hujatafuta projekta wala mfadhili, waulize wazee wa Kiborana jinsi kisima kirefu kinavyoendeshwa. Kisima kina aliyekichimba na jina lake linaheshimiwa, lakini kazi ya kila siku iko mikononi mwa abba herega, msimamizi wa zamu ya kunywesha. Yeye ndiye anayejua leo ni ngamia wa nani na kesho ng'ombe wa nani, na nani atakarabati birika likipasuka. Huyo si lazima awe mwenye mifugo mingi. Kazi yake ni kuhakikisha zamu haivunjiki. Kikundi chako kinamhitaji mtu wa namna hiyo kabla ya kumhitaji bingwa wa kompyuta, na mwongozo huu wote umejengwa juu ya wazo hilo.

Sababu ya kuanza sasa

Linux yenyewe usiieleze kwa muda mrefu. Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo endeshi, akakiweka wazi kila mtu akisome, akirekebishe na kukigawa. Kiini hicho leo kimo ndani ya kila simu ya Android, kwa hiyo mgeni wako wa kwanza anaitumia Linux bila kujua. Mwambie hivyo, atacheka, kisha endelea.

Sababu yenye uzito zaidi iko kwenye maduka ya kompyuta. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. ThinkPad, Latitude na EliteBook za ex-UK ambazo walimu, makarani na wanafunzi wetu hununua, mara nyingi ni za kizazi cha 4 hadi cha 7. Mashine ni nzima, kibodi yake ni imara kuliko ya laptopu mpya ya bei hiyo hiyo, ila imefungiwa mlango. Linux inaufungua. Hapo ndipo unapopata wanachama: kwa mtu mwenye mashine inayomsumbua leo, wala si kwa hotuba kuhusu uhuru wa programu.

Wa pili kualikwa ni wenye saiba. Wanavijua vile virusi vya flashi vinavyoficha folda zote na kuacha njia za mkato zisizofunguka. Flashi hiyo hiyo ukiichomeka kwenye Linux, folda zilizofichwa unaziona na kirusi hakina pa kukimbilia, kwa kuwa kiliandikwa kwa ajili ya Windows. Nimeona mwenye saiba akiamini kwa dakika mbili jambo ambalo maelezo ya saa nzima yasingemshawishi.

Siku, saa na mahali

Chagua Jumamosi moja ya mwezi na usiibadilishe. Jumamosi ya pili ni nzuri kwa kuwa mshahara umeshaingia na hekaheka ya mwisho wa mwezi imepita. Ijumaa ina swala, Jumapili ina kanisa, na Isiolo ina waumini wa pande zote mbili. Anza saa tatu asubuhi na ufunge kabla ya adhuhuri. Jua la mchana chini ya mabati linawachosha watu na kuzichemsha laptopu. Pia binti anayetoka Kulamawe au Bulla Pesa ataruhusiwa kwa urahisi nyumbani mkutano ukimalizika mchana kweupe. Katika tangazo andika "saa tatu asubuhi" kwa maneno. Ukiandika 9 peke yake, utapata mtu mmoja saa tatu na mwingine saa tisa.

Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo angalia kalenda mapema. Mwezi huo usiufute. Ufupishe, uondoe chai, ufanye kipindi cha kusoma na kujibu maswali. Mwezi mmoja ukirukwa hugeuka miwili, na miwili hugeuka "tutatangaza".

Ukumbi mzuri hupimwa kwa soketi. Darasa la shule wakati wa likizo, chumba cha maktaba ya umma, chumba cha mikutano cha msikiti au kanisa, hata saiba yenyewe kabla wateja hawajajaa, vyote vinafaa. Nenda siku moja kabla ukiwa na chaja ya simu, ujaribu kila soketi. Mara nyingi mbili kati ya sita ndizo zenye stima. Beba ekstensheni mbili nzuri na usiziunganishe moja juu ya nyingine kulisha laptopu kumi. Kama chumba ni cha taasisi ya dini, kubalianeni wazi kwamba kila mtu anakaribishwa. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na watu huangalia nani anakaa mbele. Abba herega wenu akitoka upande mmoja, mweka hazina atoke upande mwingine. Msiliandike hilo popote, litendeni tu.

Stima itapotea. Lichukulie jambo hilo kama ratiba. Watu waje na betri zilizojaa, na kipindi kipangwe ili kazi ya kusakinisha, ambayo haitakiwi kukatika katikati, ifanywe mapema stima ikiwapo. Mazoezi ya amri yanaweza kuendelea kwa betri. Vumbi nalo lina kazi yake: laptopu nyingi zinazoletwa kwa malalamiko ya uzito zimezibwa feni. Brashi laini ya rangi na bisibisi ndogo ni vifaa vya kikundi kama zilivyo flashi, na mtu aliyefunguliwa feni yake akasikia mashine inapumua atarudi mwezi ujao.

Intaneti: pakua mara moja, wagawie wote

Hapa ndipo vikundi vya mijini na vya kwetu vinapotofautiana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Faili la kusakinisha Ubuntu 24.04 linakaribia gigabaiti 6. Linux Mint 22 ni nusu yake hivi, na Debian ina faili dogo la kuanzia lisilofika gigabaiti moja, ingawa mengine huyavuta mtandaoni baadaye. Piga hesabu ya watu kumi wakipakua kila mmoja kwa bando lake. Ni pesa za mbuzi. Zamani Canonical, kampuni ya Ubuntu iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma diski bure kwa posta popote duniani. Mpango huo ulifungwa mwaka 2011, na wakongwe wa Linux Afrika Mashariki bado wanazikumbuka bahasha zile. Leo bahasha ni wewe.

Mtu mmoja apakue kwa niaba ya wote, usiku bando likiwa nafuu au ofisini alikoruhusiwa. Akimaliza ahakikishe faili ni zima kwa amri ya sha256sum, alinganishe tarakimu na zile zilizotolewa na wenye mfumo. Usiruke hatua hii. Faili lililokatika kidogo hugoma katikati ya kusakinisha, na mgeni ataondoka akisema Linux ni mbovu. Kisha tumia programu ya Ventoy kwenye flashi ya gigabaiti 32. Ukishaiandaa, unanakili mafaili ya mifumo mitatu au minne kama unavyonakili nyimbo, na mashine ikiwaka kwa flashi hiyo inakuuliza unataka upi.

Masasisho ni mzigo wa pili. Chukua laptopu moja ya zamani iwe seva ya kikundi, iunganishe na ruta yenye intaneti, usakinishe apt-cacher-ng. Kazi yake ni rahisi kueleza: mashine ya kwanza ikiomba kifurushi, seva inakipakua na kukiweka akiba, ya pili hadi ya kumi zinakipata hapo hapo ukumbini, bila kugusa bando. Kwenye kila mashine ongeza faili dogo ndani ya /etc/apt/apt.conf.d lenye mstari huu, ukibadilisha namba iwe ya seva yenu:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Na kabla ya watu kwenda nyumbani, ondoeni mstari huo. Ukisahaulika, mashine itakuwa inaitafuta seva ambayo imelala kabatini, na kila jaribio la kusasisha litagoma. Abba herega alitangaze mwishoni kama anayetangaza viatu vilivyopotea.

Seva hiyo hiyo ibebe programu ya Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili. Inasomeka kwa simu yoyote iliyounganishwa na ruta, bila intaneti. Huko Garissa maktaba ya ngamia ilianza mwaka 1996 kuwapelekea vitabu watoto wa wafugaji. Laptopu kuukuu na ruta ndani ya mkoba, kwenye matatu ya kwenda Kinna au Garba Tulla, ni jamaa wa karibu wa ngamia yule.

Mkutano wa kwanza: usisakinishe chochote

Najua mikono itawasha. Jizuie. Siku ya kwanza washa mashine za watu kwa flashi tu, mfumo ukimbie bila kugusa diski. Kwenye ThinkPad na Dell gonga F12 mara tu unapowasha. Kwenye HP ni Esc kisha F9. Mwenye mashine aangalie mambo matano yanayomhusu: waifai inashika? Sauti inatoka? Kivinjari kinafungua eCitizen na ukurasa wa kodi? Barua yake ya Word inafunguka sawasawa ndani ya LibreOffice? Printa inachapa? Printa za HP kwa kawaida hazisumbui. Baadhi ya Canon za zamani husumbua sana, na mwenye saiba anayeishi kwa printa hiyo asihame mpaka ameiona ikitoa karatasi mbele ya macho yake. Fomu za Excel zenye makro nazo huleta shida ndani ya LibreOffice. Anayezitegemea abaki na mifumo miwili kwenye mashine moja.

Waifai isiposhika, usianze kuhangaika. Unganisha simu kwa kebo ya USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Karibu kila mara Linux huitambua papo hapo, na dereva iliyokosekana hupakuliwa kupitia hapo.

Kusakinisha kuwe mkutano wa pili, baada ya nakala. Nasema hivi kwa aibu. Miaka iliyopita nilimsaidia mwalimu mmoja, nikabonyeza pale panaposema futa diski yote nikidhani ni mahali pengine. Mitihani ya mihula minne na picha za arusi ya dada yake zikaenda. Hakunigombeza, akaniuliza tu, "Kwa hivyo hazirudi?" Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: hakuna kugusa diski mpaka mwenyewe ameonyesha mafaili yake kwenye flashi au diski nyingine, na ameyafungua mawili matatu mbele ya mtu. Aidha muulize kama BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, imewashwa. Ikiwa imewashwa, apate kwanza ufunguo wake wa kuokolea. Na kompyuta ya ofisi ya kaunti, ya shule au ya shirika haisakinishwi kitu bila ruhusa ya mwenye mali, hata kama karani anaapa kwamba bosi hana neno.

Kuhusu mfumo upi: mabishano haya yanaweza kula mikutano yote ya mwaka. Amua wewe. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 au zaidi, weka Mint ya Xfce. Yenye gigabaiti 2, antiX. Zile za biti 32 zinazidi kukosa makao, kwani hata Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake, ila antiX bado inazipokea. Na ikiwa mtu ana pesa kidogo za kutengenezea, aache kununua chochote kingine abadilishe diski kuu ya zamani kwa SSD. Hakuna mfumo utakaofanya kile ambacho SSD itafanya.

Somo linavyofundishwa

Gawanya asubuhi bila usawa. Nusu saa ya kwanza ni ya matatizo: kila mtu aseme kinachomsumbua, yaandikwe ubaoni. Somo lenyewe lisizidi dakika 40. Muda wote unaobaki ni wa mikono, wawili wawili kwenye mashine, anayejua kidogo akae na asiyejua, na anayejua asishike kipanya. Ukimnyang'anya mtu kibodi ili "umwonyeshe haraka" umemfundisha kwamba yeye ni mzito.

Fundisha kwa Kiswahili. Amri zitabaki zilivyo, lakini maelezo yasiwe Kiingereza kwa sababu tu kitabu ni cha Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha kwamba linawezekana: mradi wake wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Kuwa na daftari la kikundi ambamo kila neno mnalokubaliana linaandikwa: folda, kiini, ruhusa, kifurushi. Msibishane kama ni mfumo endeshi au mfumo wa uendeshaji. Andikeni moja, songeni mbele. Wengine watauliza Ubuntu maana yake nini. Waambie watafute neno "utu" wataona ni ndugu.

Terminali ndiyo inayowatisha watu, na hutisha kwa sababu hufundishwa kwa mifano mikavu. Tengeneza faili liitwalo mifugo.csv lenye mauzo ya mnadani, kila mstari mnyama mmoja: tarehe, aina, alikotoka, bei. Mathalani:

2025-03-08,mbuzi,Oldonyiro,9000
2025-03-08,ngamia,Kinna,95000
2025-03-15,ngamia,Merti,88000

Weka mistari mia mbili ya kubuni. Sasa uliza darasa: ngamia ni wangapi? Waache wahesabu kwa macho kidogo, kisha andika grep -c ngamia mifugo.csv na jibu litoke kabla hawajafika mstari wa ishirini. Halafu uliza ngamia ghali kuliko wote alitoka wapi:

grep ngamia mifugo.csv | sort -t, -k4 -n | tail -n 1

Ile alama ya bomba katikati ieleze kwa visima vya kuimba. Wanaume wamesimama ndani ya kisima mmoja juu ya mwingine, ndoo inapanda mkono kwa mkono kwa mwendo wa wimbo. Wa chini anachota tu, wa katikati anapokea na kupitisha, wa juu anamimina kwenye birika. Hapa grep anachota ngamia, sort anawapanga kwa bei, tail anamimina wa mwisho. Kila mmoja ana kazi moja ndogo na hajui wenzake wanafanya nini. Mwanafunzi aliyewahi kusimama kisimani ataielewa falsafa nzima ya Unix kuliko mwenye shahada, na pengine ndiye atakayekurekebisha ukikosea mpangilio.

Baada ya hapo mwaka unajipanga wenyewe: ruhusa za mafaili, kuchapa, lahajedwali, skripti ya kutunza nakala kila usiku, mtandao wa ndani, kutengeneza seva ya tovuti, Python kidogo. Mada ya mwezi ujao ichaguliwe kutoka kwenye yale matatizo ya ubaoni. Wenye simu tu wasiachwe nje: programu ya Termux, inayopatikana kupitia F-Droid, inawapa terminali ndani ya Android, na faili la mifugo linafanya kazi humo vilevile.

Vijana watakuomba uwafundishe "kuhaki". Usiwafukuze wala usijifanye hujasikia. Wafundishe usalama, juu ya mashine zenu wenyewe na ruta yenu wenyewe, na uwasomee wazi kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inahesabu kuwa kosa kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, hata kama hukuchukua kitu. Waifai ya jirani si maabara.

Posho, mchango na karatasi

Isiolo imezoea warsha. Mashirika yanakuja, yanaita watu hotelini, yanawapa chakula na nauli ya bahasha. Si kosa la mtu, lakini mkutano wako utaulizwa siku ya kwanza: "Kuna transport?" Jibu ni hapana, nalo litolewe kwenye tangazo lenyewe ili anayekuja kwa hilo asipoteze nauli. Nimekuwa mkali hapa kwa makusudi. Kikundi kikilipa watu kuhudhuria mara mbili, mara ya tatu bila malipo hakuna atakayekuja, na huwezi kurudi nyuma.

Mchango mdogo wa chai unatosha, ukusanywe kwa M-Pesa au taslimu, na mweka hazina aisome hesabu kila mkutano kwa sauti hata kama ni ya shilingi 700. Anayekosa mchango anakunywa chai kama wengine. Maziwa ya ngamia kwenye chai yatakuletea wazee watakaokaa kusikiliza, na wazee wakikaa, ukumbi hautakosekana.

Karatasi zisikuharakishe. Kutaneni miezi sita kwanza. Mkitaka baadaye akaunti ya benki au kupokea kompyuta kutoka kwa shirika, mtajisajili kwa ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022, ambayo inataka wanachama wasiopungua 10. Orodha yenye majina na namba za simu inalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019; msimpe mwanasiasa wala muuza bando.

Na mtaulizwa cheti. Semeni ukweli kwamba kikundi hakitoi. Anayetaka cheti chenye jina duniani atayarishwe kwa mtihani wa Linux Essentials wa Linux Professional Institute, na wawili watatu wanaweza kuusomea pamoja Jumamosi nyingine. Cheti cha kuchapisha wenyewe kwenye karatasi ngumu kina sura nzuri na hakimpatii mtu kazi.

Kuunganika na wengine

Hamko peke yenu. Uganda imekuwa na kikundi cha watumiaji wa Linux kwa miaka mingi, na Nairobi ilipokea Idlelo, kongamano la programu huria la Afrika, mwaka 2006. Siku ya Uhuru wa Programu huadhimishwa duniani kila Jumamosi ya tatu ya Septemba. Mwezi huo pekee hamisheni mkutano wenu wiki moja mbele, mweke meza mbili karibu na soko, muwashe mashine, mtengeneze flashi zenye virusi bure. Siku moja ya hivyo huleta wanachama kuliko mabango ya mwaka.

Zamu

Sasa turudi kisimani. Kila mkutano uwe na watu watatu wenye kazi: anayefundisha, anayepokea wageni, na abba herega anayeshika muda, funguo na mkoba wa vifaa. Wawili wa kwanza hubadilika kila mwezi. Abba herega hukaa miezi mitatu, kisha anamkabidhi mwingine ambaye tayari ameketi naye mikutano miwili. Anayefundisha mwezi ujao hutajwa leo, kabla kebo hazijakunjwa, na anayejua kuliko wote asifundishe mara mbili mfululizo hata akiombwa. Kama somo la mwenzake limekuwa na makosa, aliseme kwa upole kwenye kipindi cha mikono.

Mwezi wa tatu au wa nne utamwona binti wa kidato cha tatu, aliyekuja kwa ajili ya laptopu ya kaka yake, akisimama mbele akieleza chmod, amri ya ruhusa za mafaili, huku mikono ikitetemeka. Keti nyuma. Akikwama usimjibie, hesabu kimya mpaka kumi, kwa kawaida mtu wa mstari wa pili atajibu. Saa sita ikigonga, msaidie kukunja ekstensheni, hakikisha ule mstari wa seva umeondolewa kwenye kila mashine, mpe abba herega mkoba, na uulize nani anafundisha Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Msifunge mlango mpaka jina litajwe.